Kokwa Iliyopita Mezani kwa Binti

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu ukipita hapa jioni ukaona watu walivyolikalia, utadhani tulilirithi ukoo mzima. Nililigonga mwenyewe kwa mbao za makasha ya vioo, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha viatu ili mteja apate pa kukaa wakati namshonea soli. Mteja gani! Anayekaa ni Kilo, muuza nyama wa pale kona, ambaye akijibweteka tu misumari inalia. Anayekaa ni Wakili, muuza miavuli, ambaye mahakamani aliingia siku moja tu, kwenye kesi yake mwenyewe, na akashindwa. Anayekaa ni Dakika, fundi saa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Shangazi wa kahawa yeye hakai. Anasimama na birika lake, anatumiminia, anatusikiliza, na akichoka na upuuzi wetu anagonganisha vikombe. Mimi wananiita Gundi, na kwa kazi hii sina pa kukata rufaa.

Jioni hiyo Dakika alitoka kibandani kwake amekunja ngumi, uso umemshuka. Mkono wa pili alishika kibao kilichoumwa. Hapo hapo nikajua kuna jambo, maana Dakika haumi kibao. Hukata.

Niwaeleze. Kibao ndilo jina tulilokipa sisi, kwa vile kimekaa kama kile kipande ninachogongea chini ya kisigino: matunda makavu na karanga za kila namna, vimeshindiliwa pamoja, vikafungwa kwenye karatasi inayong'aa. Binti yake Dakika, mtoto wake wa pekee, anafanya kazi kiwandani vinakotoka, mbali huko, ng'ambo ya mipaka miwili. Kazi yake ni kusimama mezani. Tende zinapita mbele yake kwenye mkanda, na yeye anatoa kokwa ambazo mashine imeziacha. Kutwa nzima, kokwa tu. Akimpata dereva anayekuja huku, humpa vibao amletee baba yake. Mwenyewe hajarudi tangu aondoke, na alipoondoka Shangazi alikuwa bado na nywele nyeusi.

Basi vibao vikifika, Dakika huvaa lenzi yake ya saa jichoni, akasoma karatasi yote kana kwamba ni mara ya kwanza. Kisha huniomba kisu cha ngozi, hukifuta kwa pindo la shati, na kutukatia vipande vyembamba, kila mtu chake. Chake huwa chembamba kuliko vyote, kwa sababu daktari alishampima damu akamwonya kuhusu vitu vitamu. Ndiyo desturi yetu. Na siku hiyo aliivunja.

— Nimeuma, alisema. Sikuwangoja. Nilishikwa na hamu tu, nikafungua nikauma.

— Si kosa kisheria, Wakili alisema.

— Nikauma hiki.

Akafungua ngumi. Katikati ya kiganja palikuwa na kijipande cha kahawia, kidogo kuliko msumari wangu mdogo. Kilo akainama, benchi likalia.

— Pole sana, ndugu yangu. La mbele au la nyuma?

— Si jino. Kokwa. Kokwa ya tende.

Kwa mtu mwingine kokwa ni kokwa, unatema unaendelea na safari. Kwetu ilikuwa habari nyingine. Nyuma ya kila kibao, chini kabisa, pameandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: Huenda ikawa na vipande vya kokwa. Dakika aliposoma maneno hayo mara ya kwanza alifunga kibanda mchana kweupe kwa hasira. Huenda? Mwanangu anasimama pale mpaka miguu inamvimba, halafu wao wanaandika huenda? Tangu hapo kila kibao alikikagua chembe kwa chembe kabla ya kukata. Si kwa kuogopea meno. Alitaka kuwaumbua walioandika. Na hakuwahi kuona kokwa hata siku moja. Huinua kichwa, lenzi bado ipo jichoni, akatuambia, Safi, binti hana mchezo, ndipo tule.

— Mpigie simu, Shangazi alisema.

— Simu zao hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Hupiga yeye, jua likishuka nyuma ya bati la Kilo.

Tukageuka wote kutazama bati la Kilo. Jua lilikuwa bado juu yake, limetulia, halina habari na sisi.

— Basi muda tunao, Wakili alisema, akajiweka sawa. Tusimhukumu mtoto wa watu bila ushahidi. Nani kasema hiyo kokwa ni ya tende? Soma karatasi.

— Karatasi hiyo mnaijua kama majina yenu.

— Soma, bwana. Haraka haraka haina baraka.

Dakika akavaa lenzi. Aliikosea jicho mara ya kwanza, na ule si mkono wa kukosea. Ni mkono unaoshika skrubu usizoweza kuziona wewe.

— Viambato: tende, lozi, zabibu kavu, korosho, ufuta, chumvi.

— Simama hapo. Tende imetajwa ya kwanza, kwa hiyo ndiyo kidogo kuliko vyote.

— Nani kakwambia? nikauliza.

— Wewe Gundi hujawahi kualikwa sherehe? Nani huanza kuongea? Ni yule wa kukaribisha watu na kujaribu kipaza sauti. Mgeni rasmi huongea mwisho. Haya, hapa wa mwisho ni nani?

— Chumvi, Kilo alisema.

— Chumvi! Kibao hiki ni cha chumvi, jamani. Tende kaja kupanga viti tu.

— Sasa mbona kitamu?

— Utamu ni itifaki.

Shangazi akagonganisha vikombe. Dakika hakucheka.

— Binti aliniambia wanaandika kwa uzito, alisema. Kizito kuliko vyote kinatangulia. Karibu nusu ya kibao ni tende.

— Binti yuko mbali, mimi niko hapa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wakili anazo methali nyingi kama miavuli yake, na anaziuza vivyo hivyo, mvua isiponyesha. Hii ilimpata Dakika pabaya. Alivua lenzi, akaifutafuta bila sababu. Nikaona nimsaidie Wakili kutoka kwenye shimo, nikauliza kuna nini tena kwenye karatasi.

— Nishati, Dakika akasoma polepole. Kilokalori mia moja na themanini.

— Kilo ngapi? Muuza nyama akasimama. Mia na themanini? Ndani ya kitu ninachoweza kukificha chini ya kidole gumba? Na mimi ndiye mnasema nachezea mizani!

— Kaa chini, si kilo hizo, Shangazi alimwambia. Hiyo ni nguvu ya kukufanya utembee. Wewe ukila hicho, nguvu yote inaishia kukubeba mpaka dukani kwako.

— Protini gramu tano, Dakika akaendelea.

— Hapo sawa. Ila protini isiyo na damu ni maneno matupu, Kilo alisema, akakaa.

— Nyuzinyuzi gramu nne.

— Nyuzi za kushonea? nikauliza. Mimi siku zote nawaambia, kitu hakishikani chenyewe. Lozi haina mapenzi na zabibu. Ni uzi, au ni gundi.

— Gundi yake ni hizo tende zenyewe, zikisagwa, alisema Dakika. Na nyuzinyuzi ni zile za kwenye matunda, za tumbo. Halafu pameandikwa, haina sukari iliyoongezwa. Binti huchagua hivi kwa ajili yangu.

— Iliyoongezwa haimo, Shangazi alisema, iliyozaliwa nayo ipo. Ulimi unaweza kuudanganya, damu huiwezi. Umeuma kipande kikubwa, nimeona.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Wakili akaongeza, na hakuna aliyejua ana maana gani.

Wakati huo akafika mteja. Mteja kweli, ndugu yangu, wa kulipia kazi! Mama mmoja mgeni kabisa mtaani, anaburuta kiatu ambacho soli imefunguka mdomo wazi. Nikawaambia wasogee, wakasogea kwa kuona uchungu. Nikampa kipande cha boksi aweke mguu wake mtupu juu yake. Wakili akamtazama mguu, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Ni soli tu, kaka yangu, mama akajibu.

Shangazi alimpa kikombe, akamweleza kwa ufupi kilichotukuta. Mama akaitazama ile kokwa kiganjani kwa Dakika, akasema pole. Mimi nikaanza kukwangua gundi ya zamani kwenye soli yake, na kesi ikaendelea.

— Mimi nimeshajua, Kilo alisema. Ule ni mfupa.

— Mfupa gani?

— Sikiliza. Nikikupimia nyama, mizani ikapungukiwa, natupia kifupa, kilo inatimia. Kokwa ni mfupa wa tende. Kibao kilikuwa chepesi, wakatupia.

— Mwanangu hawezi kutupia mfupa! Dakika alipaza sauti. Kwangu amekua bila kudanganya mtu hata sekunde!

— Sijasema yeye. Nasema wakubwa wake.

— Wakubwa wana mashine, nikaingilia. Mashine mpya imeletwa, inatoa kokwa yenyewe. Binti kapandishwa cheo. Saa hizi yuko ofisini, kakalia kile kiti kinachozunguka, anaandika. Mashine ndiyo imekosea, si yeye.

Nilisema hivyo nikijua sijui. Nilitaka tu awe amekaa. Yule mtoto alikulia kwenye benchi hili hili. Akitoka shule alikuwa ananipangia misumari kwa ukubwa, kila saizi kwenye kopo lake, na siku hizi makopo yote yamechanganyika na siwezi kuyapanga. Nikishika msumari usio wake huwa namkumbuka na ninaudhika.

— Mnaona kidogo, Wakili alisema. Kokwa ni nini? Ni mbegu. Mtu anayezitoa kutwa nzima, akiiacha moja, ameiacha kwa makusudi. Ameituma. Na mbegu maana yake ni nini, nyinyi watu wazima? Hongera, babu!

Dakika alinyanyuka. Kilo akamshika suruali, akamrudisha.

— We Wakili! Shangazi alimkemea. Ulimi wako utafutiwe kufuli.

— Natafsiri ushahidi tu, shangazi yangu. Au labda si mjukuu. Labda ni kiwanda. Kilo, fikiria: mtu anakupa kokwa, maana yake anakupa mti. Mti ni wa nani? Wa mwenye shamba. Binti kanunua shamba la tende!

— Kiwanda chote, Kilo alisema, macho yamemtoka. Kanunua kiwanda.

— Kilo, jamani.

— Atatujia na gari la friji.

Ilikuwa inafika mahali ambapo tungemjengea ghorofa. Shangazi akaweka birika chini, na Shangazi haweki birika chini ovyo.

— Hicho kibao kilitengenezwa lini?

Dakika akarudisha lenzi jichoni, akakigeuza kutafuta tarehe.

— Wakati wa zile mvua kubwa.

Zile mvua zilizobeba mlango wa Kilo. Zimepita zamani, mlango mpya umeshaanza kupauka.

— Kwa hiyo hii kokwa si ya jana, Shangazi alisema taratibu. Tende hii ilipita mbele yake siku zile. Lililotokea limeshatokea, na huku tulikuwa tunakunywa kahawa. Alikwambia nini wakati ule?

— Kama kawaida yake. Baba, mimi mzima, nimekula, ninyi je?

— Sauti ilikuwaje?

Dakika akafikiri. Ulimwona mtu anavyorudi nyuma kichwani, anapekua.

— Ilikuwa nzito kidogo. Nikasema ni mtandao, kwa ajili ya mvua.

— Mficha maradhi, kifo humuumbua, Wakili alisema.

Miaka yote tunamwomba Wakili methali moja iingie mahali pake. Ikaingia, na kila mtu akatamani angeitoa. Hata yeye mwenyewe alifunika mdomo. Jua lilikuwa limegusa ukingo wa bati.

Ndipo yule mama wa soli akasogeza kikombe chake pembeni.

— Samahani, mimi ni mgeni hapa, sina usemi. Nimewasikia, hicho kibao mnakijua mpaka gramu zake. Huyo binti mwenyewe, anakula nini?

Tukatazamana.

— Si yupo kwenye kiwanda cha vyakula, Kilo alianza. Anakula hivyo hivyo vibao.

— Hawaruhusiwi, Dakika alisema. Hivi anavyotuma huvinunua.

— Basi atakuwa anakula... nikasema, nikaishia hapo.

— Huniambia amekula, Dakika alisema. Kila siku. Baba, nimekula.

— Amekula nini? mama akauliza tena, kwa upole tu.

Nilishika ile soli kama vile jibu liko chini yake. Dakika aliangalia chini, na alipoanza kusema hakuwa anatuambia sisi.

— Zamani nilikuwa najua. Nilijua hataki kitunguu, anakiweka ukingoni mwa sahani, duara zima, kama tarakimu za saa. Nilijua akila yai anaanza na kiini. Na alikuwa na ugonjwa wa ukoko. Wali ukiiva, yeye hautaki, anausubiri ukoko. Anakaa na kijiko mlangoni mwa jiko. Mama yake akimwambia utavunja meno, anasema, Basi nivunje moja. Mama yake alipofariki nikawa napika mimi, na mimi sijui kupika, nauunguza. Akaniambia, Baba, wewe ndiye unayejua.

Akaigeuza ile kokwa kiganjani.

— Mpaka leo nauacha ushike chini. Nimeshajifunza kupika, siunguzi kwa bahati mbaya tena. Nauunguza makusudi. Halafu nakaa nautazama, sina wa kumpa. Nina hamu na mwanangu, jamani. Hamu nyingine hizi zote zinatokana na hiyo.

Kilo alivuta kamasi, akasingizia moshi, na moshi haukuwepo. Mimi nilimpakia mama wa watu gundi kwenye upande wa kiatu usiopasuka.

Jua likaingia nyuma ya bati. Simu ya Dakika ikalia.

Ni simu ya zamani, sauti inavuja pande zote. Hatukuwa na nia ya kusikiliza. Tulikaa tu karibu zaidi.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi mzima, nimekula, ninyi je?

— Umekula nini?

Kwa nyuma tulisikia watu wanapita, viatu vingi, lango la chuma likifunguliwa.

— Baba?

— Nimekuuliza, umekula nini?

— Wali.

— Na nini?

— Wali, baba. Tunapika chumbani, tuko watatu. Tuna ile sufuria ya umeme. Ukiiva inajizima.

— Haishiki chini?

— Haishiki. Unaiosha inatoka safi, kama haikupikiwa. Sauti ikapungua. Huwa naibonyeza tena, wenzangu wakilala. Naibonyeza tena na tena, labda itashika kidogo. Inakataa, baba.

Dakika akafumba macho.

— Wakati wa zile mvua ulikuwa unaumwa.

— Nani kakwambia?

— Nimeuma kokwa.

Nilidhani chaji ya simu imekwisha.

— Ilikuwa homa tu, alisema. Nilisimama nayo mezani. Tende zikawa zinapita mbili mbili, sijui ipi ni ya kweli. Nilijua zimenipita. Nikasema Mungu, zisiende nyumbani. Ilikuvunja jino?

— Hapana. Kwa nini hukuniambia?

— Wewe kila nikipiga unaniambia, chapa kazi, huku hatujambo. Nikaona na mimi nisiwe na jambo.

Ni kweli. Tulikuwa tunamsikia. Chapa kazi, mwanangu, huku hatujambo, halafu anakata na kukaa ameishika ile simu mpaka ipoe.

— Huku tuna jambo, Dakika alisema. Nina hamu nawe. Nimekuwa na hamu nawe tangu ulipopanda gari.

Tulisikia pumzi tu, zile za mtu anayelia na hataki wenzake kwenye foleni wamwone.

— Na mimi, baba, alisema mwishowe. Na mimi. Jamani basi la kiwanda limefika, wananiita.

— Nitakutumia ukoko.

— Baba!

Alicheka. Ndani ya kilio kile kile alicheka, na Kilo akanipiga bega nusura anitoe kwenye kigoda.

— Aliyeleta vibao anarudi keshokutwa, nitampa. Ukoko haupondeki. Panda basi, mwanangu.

Simu ikakatika. Dakika akabaki ameishika sikioni. Kisha akageuka kwetu, na uso wake ulikuwa na kazi ya kufanya.

— Ukoko mkavu unasafiri?

— Unasafiri kuliko wewe, Shangazi alisema. Uukaushe juani, usiwe na unyevu hata chembe. Utafika unalia ukiuvunja.

— Ila hauwezi kupita mpakani uchi, Wakili alisema. Watasema ni nini hiki? Chakula chochote kinachosafiri lazima kiwe na karatasi. Gundi, leta boksi!

Boksi la viatu nikalitoa. Kilo akakimbia, naapa alikimbia, akarudi na karatasi ile safi anayofungia nyama za wateja wakubwa. Wakili akachana kifuniko cha boksi jingine, langu pia, akachukua kalamu yangu ya kuchorea soli, akakaa kama karani.

— Viambato.

— Mchele, Dakika alisema. Maji. Mafuta kidogo. Chumvi.

— Na moshi, nikasema.

— Moshi uandikwe wapi? Kwa uzito hauna uzito.

— Mwisho, alisema Dakika. Huyo kweli ndiye mgeni rasmi.

Wakili alinyoosha mgongo kwa fahari. Alishinda kesi yake ya kwanza.

— Nishati?

— Andika kilo zote, Kilo akasema.

— Kilo zote. Protini?

— Andika ipo kwa jirani, Kilo alisema tena. Namaanisha mimi.

— Sukari iliyoongezwa?

— Hamna, Shangazi alijibu. Iliyozaliwa nayo ipo.

— Tahadhari, Wakili alisema, akaandika kwa sauti. Huenda ikawa na vijiwe vya mchele.

— Futa hilo! Nitauchambua mwenyewe. Nitauchambua kwa lenzi, punje kwa punje.

— Mchele wa hapa? Hata ukiuchambua kwa darubini kuna jiwe moja limejificha.

Dakika alifungua mdomo abishe. Akaitazama ile kokwa, ambayo muda wote huo alikuwa ameishika kwenye mkono wa kushoto hata wakati wa simu.

— Acha huenda, akasema. Mtu anachoka.

Kiatu kilikuwa tayari. Mama akakivaa, akakanyaga mara mbili, akaridhika, na Shangazi akainamisha birika ampe kikombe cha kuagia. Yakatoka machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeona ikiisha. Mama akasogea kusoma kazi yetu juu ya bega la Wakili, mpaka chini kabisa.

— Mmesahau tarehe, alisema. Mwisho wa kutumika ni lini?

Wakili akageuka kwa Kilo, Kilo akageuka kwangu. Mimi nilimtazama Shangazi, naye akamtazama Dakika. Methali haikupatikana hata moja. Dakika akachukua kalamu kutoka mkononi mwa Wakili, akachora kistari kilichonyooka.

— Paache wazi, alisema. Atapajaza yeye, siku atakayokuja.

Nikachukua brashi. Nikapaka gundi nyuma ya kile kipande chote, nikakibandika kwenye boksi, nikakikandamiza kwa kiganja mpaka kikashika.